Ulimi wa Kengele

Kinyala, Tukuyu
Alhamisi, mvua ikipumzika

Kwako dada yangu Prisca,

Ndaga, dada. Naomba barua hii ikukute mzima huko Sumbawanga, wewe na shemeji na wajukuu, na lile goti lako liwe limekubali kukufikisha sokoni bila kukusumbua. Sisi huku tupo, Mungu anatutunza. Ukungu ulishuka Jumatatu na mpaka leo haujaondoka. Asubuhi nikifungua mlango naiona migomba miwili tu ya mbele, ile mingine naiamini tu kwamba ipo. Mke wangu Tulia anakusalimu sana, anasema ile kanga uliyomwachia ameshaivaa kanisani na imezungumzwa.

Najua utashangaa kuona nimeshika kalamu wakati simu ninayo. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu tumeongea habari za mvua. Nikiisikia sauti yako naishiwa ujasiri. Kuna jambo nililokufanyia ambalo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu, na baada ya Jumapili hii litakuwa mdomoni mwa kila mtu. Nivumilie, sitaweza kulisema bila kuanza na yule farasi.

Ulipokuja mwezi wa tano ulimwona nyuma ya nyumba, ukaniuliza kama nimeamua kuzeekea uzungu. Siku hizo hatukuwa na nafasi ya mazungumzo. Ilikuwa hivi: mwanzoni mwa mwezi wa nne alinipigia Sadick, yule anayeuza vitambaa kule Msasani ya hapa kwetu Tukuyu, akasema kuna lori limeshusha farasi mbele ya duka lake na kuondoka. Walikuwa wakimpeleka Kyela kwenye sherehe, akashindwa kusimama njiani, wakaona ni mzigo. Nilienda, na nisikudanganye, nilienda kwa udadisi, wala si kwa huruma. Nilimkuta amelala kwenye tope, mbavu zote nje, mguu wa mbele umekatwa na kamba mpaka nyama inaonekana. Watu walikuwa wanampiga picha. Sadick alikuwa amemfunika kwa turubai la duka, naye ameketi kando yake kwenye mvua. Akaniambia ameshawapigia watu watano na wote wamemcheka, ndipo akanikumbuka mimi, kwa sababu mpiga kengele wa kanisa ataona aibu kukataa. Kweli niliona aibu. Tulimpandisha kwenye pikapu wanaume sita.

Mama hakuwa akiona tena, lakini alimsikia anavyohema pale uani. Akaomba ashikwe mkono apelekwe. Akampapasa pua, masikio, shingo, polepole, kama alivyokuwa akitupapasa sisi tulipokuwa na homa. Akasema tumpe maji kwanza, habari ya alikotoka tutaulizana baadaye. Tangu hapo akamwita Mgeni, na sisi sote tukamwita Mgeni.

Sijui nikuelezeje zile wiki za kwanza. Mvua ilikuwa hainyamazi, banda limefunikwa na migomba, na mle ndani kuna huyu mnyama mkubwa anayepumua joto. Nilikuwa nikimsafisha kidonda huku naimba tenzi kwa sauti ya chini, na mara nyingine nilikuwa najikuta nimemaliza kuimba zamani na bado nimesimama, paji la uso langu kwenye shingo yake, sijui ni saa ngapi. Dada, nimepiga kengele ya usharika wetu miaka ishirini na tatu tangu baba aliponikabidhi kamba. Nimewaita watu kwenye sala kila Jumapili, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nasali kama mtu anayejibu salamu. Mle bandani nilisali kweli. Mama aliketi kwenye kigoda chake, mkono kwenye pua ya Mgeni, na nadhani yeye alijua kabla yangu.

Shida ilikuwa kengele. Jumapili ya kwanza nilipoipiga, nilisikia kishindo huku chini. Unajua nyumba yetu ilivyo karibu na kanisa. Nilikuta Mgeni amevunja uzio, ameanguka kwenye mtaro, damu imeanza upya. Jumapili ya pili hivyo hivyo, tena vibaya zaidi, ingawa Tulia alikuwa amemshika. Sadick alitafuta habari kwa dereva wa lile lori, akaja kutuambia: huyu farasi alikuwa akivuta kigari cha watoto huko Mbeya kwenye sikukuu, kigari kina kengele, na kila kengele ikilia fimbo inafuata. Nahla, yule binti afisa mifugo wa kata, alimtazama mguu kwa muda mrefu. Akasema kano zimebaki kidogo sana. Mgeni akianguka tena, yeye hatakuwa na dawa, atalazimika kumchoma sindano ya kumpumzisha. Akaomba siku arobaini bila kuanguka. Kumhamisha haikuwezekana, mguu usingefika hata barabarani.

Nilienda kwa Mzee Hosea, kiongozi wa wazee wa kanisa, nikamwomba kengele inyamaze hizo siku arobaini. Alicheka mpaka akatoa leso. Akaniuliza kama anatakiwa awatangazie waumini kwamba wito wa ibada umesitishwa kwa ajili ya punda mrefu. Nilicheka naye, nikaaga, nikatoka.

Jumamosi ile nilipanda mnarani, nikafungua ulimi wa kengele, ule mchi wa chuma unaoigonga kwa ndani, nikautia kwenye mfuko wa koti. Nikawaambia wazee kwamba kengele imepasuka na kuivuta ni hatari. Hakuna aliyepanda kuangalia. Vijana wa kwaya walitaka kutundika rimu ya lori waigonge badala ya kengele, nikawaambia fundi wa Mbeya nimeshaongea naye, anakuja. Dada, sikuwahi kujua kuwa nina kipaji cha uongo. Ulitoka laini kabisa. Watu wakawa wanakuja ibadani kwa kutazama saa za simu, wengine wanachelewa, mimi nasimama mlangoni nawapa pole.

Huku nyumbani nikaanza kumfundisha Mgeni upya. Kijiko kwenye kikombe cha bati, mara moja, halafu karoti. Siku ya kwanza alitetemeka mwili mzima. Baada ya wiki akawa anageuza tu masikio. Tukahamia kwenye sufuria, tukafika kwenye jembe. Mama alicheka, akasema kwa maisha yake yote hajawahi kusikia jembe likigongwa kwa upole namna ile.

Sasa nimefika, na mkono wangu ni mzito.

Mama alianza kuishiwa nguvu siku ya ishirini kati ya zile arobaini. Jumamosi moja kabla hajaondoka aliniuliza kama kesho atasikia kengele. Nilimwambia imepasuka, mama. Akasema basi, atasikiliza ya huko aendako. Akanipa pole, dada. Alinipa mimi pole.

Unaijua desturi ya usharika wetu, umeyahesabu mapigo pamoja nami tangu tukiwa wadogo: mtu akizikwa, kengele hupigwa pigo moja kwa kila mwaka wa maisha yake. Baba alipigiwa sabini na moja, na niliyepiga ni mimi. Mama alikuwa na themanini na nne. Ulisafiri siku nzima kutoka Sumbawanga, ukasimama kaburini, nikakuona umeinua uso kuelekea mnarani, vidole vyako vimejipanga kwenye kitambaa tayari kuhesabu. Ukasubiri. Kisha ukanigeukia, ukaniuliza kwa nini kengele hailii. Nikakwambia imepasuka.

Haikupasuka, Prisca. Ulimi wake ulikuwa kwenye koti langu wakati unaniuliza. Niliushika mle mfukoni, baridi. Mgeni alikuwa siku ya ishirini na sita, amesimama bandani kwa mguu ambao kidonda chake kilikuwa kimeanza kufunga, na nilijua pigo la kwanza tu lingemwangusha. Nilikuwa na nafasi ya kuchagua. Nilimchagua yule aliye hai, nikamwacha mama yetu aende kimya kama mtu asiye na watu. Na wewe nikakudanganya mbele ya kaburi.

Nimejaribu kumuuliza Mungu kama nilimtii au nilimkimbia. Hajaniambia. Kuna siku namtazama Mgeni anavyotembea kwenye ukungu, hachechemei tena, anakuja mwenyewe kunipumulia shingoni, na moyo unaniambia mama angefanya vilevile. Kuna siku nyingine nakumbuka vidole vyako, na siwezi kula.

Siku arobaini zikiwa zimeshapita, juzi Jumanne asubuhi niliurudisha ulimi mahali pake. Nikampeleka Mgeni mpaka chini ya mnara, sikumfunga. Nikamwambia nitapiga moja tu. Nikavuta kamba. Sauti ilitoka nzito, ukungu ukaimeza polepole, na Mgeni akarudi nyuma hatua mbili, akatetemeka, akanitazama. Kisha akaja, akaniegemezea kichwa kifuani. Hakukimbia. Nilikuwa bado nalia pale aliponifikia Mzee Hosea, ana kikombe cha chai mkononi, hata viatu hajafunga. Aliitazama kengele, akamtazama farasi, akaelewa kila kitu. Hakucheka safari hii. Aliniambia nilieleze kanisa lote Jumapili, na nitalieleza. Wakiichukua kamba, nitaikabidhi bila neno. Lakini wewe ndiye niliyekukosea kabla yao, ndiyo maana nimekuandikia. Sikuombi unisamehe kwa sababu ya farasi. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Wasalimie shemeji na wajukuu wote, mmoja mmoja kwa jina. Sadick na Nahla wanakupa tena pole ya msiba, na Tulia anakuandalia ndizi za kupika zitakazokuja na basi la Jumamosi. Mungu akulinde huko uliko, na mimi unikumbuke unaposali.

Lile pigo la Jumanne, dada, nimelihesabu kuwa la mama. Yamebaki themanini na matatu, na sitayapiga mpaka uje usimame pale kaburini. Kama kamba haitakuwa tena mikononi mwangu, nitamwomba atakayekuwa nayo, nami nitasimama na wewe tuhesabu.

Ni mimi mdogo wako,
Jairo