Pigo la Mia Tatu la Duane

Alhamisi, 6 Agosti 1987

Nimechonga penseli mbili. Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho ya besiboli mwaka huu, na ya mwisho kabisa kwa Duane — goti limekataa. Ana mapigo mia mbili tisini na tisa tangu aanze kuchezea mji wetu. Baba yake, mzee Orville, amelala chumba cha mbele nyumbani kwao, hali si nzuri. Anasema anangoja la mia tatu, ndipo aende zake. Ee Bwana, mpe Duane moja tu!

Lakini mwandika alama ni mimi. Daftari alinikabidhi Orville mwenyewe, miaka kumi na tisa sasa. Andika kilichoonwa na macho, aliniambia, si kinachotamaniwa na moyo.

Jumamosi, 8 Agosti

Tumeshindwa, sita kwa nne. Hilo si neno.

Mara tatu Duane alitoka bure. Zamu ya mwisho akapiga mpira wa chini, mkali, ukamwendea Curtis, yule kijana wa kina Lindahl wa timu pinzani, anayelinda besi ya tatu. Ukamgonga kifuani, ukadondoka. Duane akawahi kituo cha besi ya kwanza, anachechemea. Watu wote wakanigeukia mimi!

Sheria naijua. Kama mlinzi angeudaka kwa juhudi za kawaida, ni kosa lake, mpigaji haandikiwi kitu. Lakini mpira ukiruka vibaya, umegonga jiwe au tuta, hapo ni pigo la mpigaji. Curtis alitazama chini, akapiga udongo kwa kiatu. Nikasema moyoni, kila mlinzi akikosa huulaumu udongo. Nikaandika kosa.

Jirani yangu Marlene akapaza sauti toka jukwaani, "Arlys, una moyo humo au kokoto?" Wakacheka. Duane alipita, akagusa kofia. "Ya uwanjani yameisha, dada. Kesho kahawa, eh?" Afadhali angenitukana.

Naruhusiwa kubadili ndani ya saa ishirini na nne. Tulimaliza saa kumi na nusu.

Jumapili, 9 Agosti

Mchungaji amehubiri rehema. Leo hii, jamani?

Kwenye kahawa baada ya ibada, Marlene akaninong'oneza: "Futa tu, shoga. Kwani nani atakufa?" Halafu akakumbuka nani anakufa. Akaweka kikombe chini.

Nimempelekea Orville supu. Duane hakumwambia lolote, ameniachia mimi.

"Kapiga?"

"Nimeandika kosa, mzee."

Nikajua nimemmaliza. Kumbe anafikiri.

"Mpira uliruka vipi?"

Nikaikoroga supu yake.

"Arlys. Ulikuwa unatazama mpira, au unamtazama mwanangu?"

Mungu anisamehe. Nilikuwa nalitazama goti la Duane, naomba. Nilipogeuza macho mpira ulishafika kifuani kwa Curtis. Nikaandika kosa upesi ili nisionekane nina huruma — na kuona sikuona!

Hakukasirika. Alisema nimeandika nisichokijua, basi nikamuulize aliyekiona. Akafumba macho, mkono wake juu ya wangu, mwepesi kama ganda la hindi.

Nimepita uwanjani. Wameshasawazisha udongo, laini kama unga. Hakuna alama.

Sasa ni saa kumi na dakika ishirini. Nimepiga simu kwa kina Curtis. Mama yake anasema yuko zizini, kaenda kumwita. Simu nimeibana begani, naandika huku nangoja. Naye kosa ni lake. Ana sababu ya kusingizia jiwe. Lakini nani mwingine aliuona? Sitamwambia lingekuwa pigo la ngapi. Sitamwambia nani anangoja. Nitamuuliza mpira ulifanya nini, basi. Na atakachosema nitakiandika, hata kikiwa —

Mlango umefunguka kule. Viatu vyake. Bwana, mpe kusema kweli, nami unipe kuiandika —