Ndege Uliyoiacha Juu ya Molo

Kapteni,

Ndege yako bado iko juu ya Molo. Iko futi elfu kumi na mia tano, inaelekea Kisumu, na haijasonga hata kidogo tangu siku ile ya Januari uliposema "pause". Jumamosi mwanao Gurdeep anakuja kutoka Nairobi kufunga duka na kuchukua kompyuta. Leo ni Alhamisi. Nimebaki na kesho tu ya kuitua, na sina hakika kama mashine yako itanitii.

Nakuandikia kwa breli, ile niliyoshindwa kukufundisha. Kiwanda nilikokuwa opareta wa simu kilikuwa kimeleta simu zisizohitaji mtu wa kuziunganisha, na mimi, baada ya miaka kumi na sita ya kusema "hold on please", nikajikuta nyumbani. Ukaambiwa kuna mwanamke kipofu tangu utotoni, anajua breli na kompyuta, anaweza kumsaidia mzee wa spea za trakta ambaye sukari imemharibu macho. Siku ya kwanza nilivishika vidole vyako nikaviweka juu ya nukta. Ulivisogeza huku na huko, kisha ukasema, "Madam, hapa hakuna kitu." Sukari ilikuwa imeua vidole pia. Nilidhani utalia. Ukaagiza chai, ukaanza kunihadithia ulivyokuwa ukinyunyizia dawa ngano ya Njoro kwa ndege ndogo enzi za ujana wako, ukiruka chini kabisa hadi magurudumu yakirudi na masuke.

Halafu Gurdeep akaleta zile programu mbili, ya kurusha ndege kwenye kompyuta na ya kuiamrisha kompyuta kwa mdomo. Alisema ng'ambo kuna vipofu wanaoruka hivyo kila siku. Lakini ile ya mdomo lazima kwanza ijifunze sauti ya mwenyewe, na ili ijifunze, mwenyewe asome kurasa za Kiingereza zilizo kwenye skrini. Ulicheka hadi ukakohoa. Mtu ananunua mashine ya kumsikiliza kwa sababu haoni, na jambo la kwanza anaambiwa asome. Ikabidi aitwe Barnaba, mlinzi wako, aache rungu mlangoni aje kukunong'onezea mstari baada ya mstari, polepole kama anayesoma Biblia kanisani, nawe unarudia. Mlimaliza wiki nzima. Baada ya hapo mashine ilikujua hata ukiwa na mafua, na haikumjua mtu mwingine yeyote.

Kazi tuligawana. Wewe uliamrisha, mimi nikavaa visikizio na kumsikiliza yule tuliyemwita Mzungu, sauti ya kompyuta inayosoma mishale ya vipimo vya ndege. "Opareta, nipe urefu." "Elfu saba mia mbili, Kapteni, unapanda." Kibodi uliifungia kwenye kabati la mafaili kwa sababu rubani hapigi taipu. Mimi nimezaliwa Nakuru, kwenye nyumba za reli, na sikujua Menengai, lile shimo la volkano, ni kubwa kiasi gani hadi siku tulipoizunguka, nikachoka kungoja iishe. Sikukwambia siku hiyo, lakini nilifurahi kama mtoto.

Sasa niandike ya Januari, ya fujo za uchaguzi. Nimeizungukia barua hii siku tatu kwa sababu yake.

Mwenye nyumba alinigongea asubuhi akasema niondoke kabla ya saa sita, watu wanapita wakiuliza majina. Jina la babangu linasema tumetoka ziwani, upande wa Kisumu. Barnaba alinileta dukani kupitia vichochoro, akanifungia. Kesho yake mchana ukaja, yeye akikushika mkono, umebeba chapati na dengu. Chapati niliirudisha kwenye sahani. Ukasema, "Leo nakupeleka kwenu." Nikakwambia kwetu ni hapa. "Najua. Lakini twende tukaone ziwa la babako, tutarudi." Barnaba akafunga mlango wa chuma, akabaki nje.

Tukaruka. Njoro ikapita, tukaingia juu ya Molo. Nilikuwa na visikizio, injini imenijaa masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nilikuwa nimewasahau wale wanaouliza majina. "Elfu kumi mia tano, Kapteni, sawasawa." Kisha ukapaza sauti kuliko nilivyowahi kukusikia: "Pause."

Injini ikanyamaza. Nikavua visikizio, na ndipo nikasikia watu nje, wengi, na sauti ya Barnaba katikati yao. Mmoja akasema, "Kuna mtu huko ndani."

Uliniwekea mkono kichwani ukanisukuma chini ya kaunta. Ulienda mlangoni ukipapasa rafu, ukagonga. "Barnaba, fungua, ni mimi. Nilikuwa naongea na kompyuta yangu." Kuna aliyecheka, akasema kumbe ni yule mzee wa spea. Nikasikia ukiuliza, kwa sauti ile ya kusumbua wateja, "Nani atanishika mkono anifikishe nyumbani? Mimi sioni." Kufuli ikafungwa kwa nje. Nyayo zikaondoka, zako zikiburuta katikati yao.

Nilikaa chini ya kaunta nikakuchukia, Kapteni. Nalisema wazi. Niliona umepiga kelele ili kuokoa ndege ya mchezo. Ungenyamaza tu, ingeendelea kuruka yenyewe, nao wangepita. Jioni nilitoa kibodi kabatini ili niizime ndege kabisa, iishie hapo juu ya Molo. Badala yake nikaihifadhi, sijui kwa nini. Labda ni mazoea ya kazi, opareta hakati laini ya mtu.

Kisha nikafungua friji ndogo nitafute maji, mkono ukagusa chupa zako za dawa ya sindano kwenye kishikio cha mayai. Nilizijua kwa vifuniko vya mpira. Nilikuwa nimeshika moja uliponipigia simu.

"Opareta, uko salama?"

"Niko."

"Usitoke. Barnaba atakuja."

"Na wewe?"

"Niko sawa. Dawa ninayo."

Nilijua huna. Ulikuwa ukijidunga hapahapa dukani kila siku, Barnaba akikuvutia dawa kwenye sindano. Nilikuwa nimeishika, baridi, mkononi mwangu. Nikasema "sawa", nikakata. Kesho yake ulipiga tena, ulimi mzito, ukasema yaleyale, nami nikajibu yaleyale. Nje kulikuwa na kafyu na maduka ya dawa yamefungwa. Siku ya tatu lori la jeshi likaja kutuchukua sisi wa ziwani kutupeleka kambini showground, uwanja wa maonyesho, Barnaba akafungua kufuli. Nilitoka na mfuko wa nguo na zile chupa. Wewe ulikuwa umelazwa hospitali tangu alfajiri. Gurdeep ndiye aliyenipigia kusema umefariki, na siku mliyokuchoma, kama ilivyo desturi yenu, mimi nilikuwa kwenye foleni ya blanketi.

Nimeandika "mliyokuchoma". Ni waliyokuchoma. Siwezi kufuta breli vizuri, wacha ikae.

Barnaba nilikataa kuongea naye miezi yote hii. Nilikuwa nimeisikia sauti yake kati ya wale watu, ikanitosha. Wiki iliyopita alikuja kwenye chumba nilichopanga karibu na stesheni, akasimama mlangoni, akasema Gurdeep anafunga duka na kompyuta bado iko pale. Nilienda. Niliiwasha, nikaipata ndege yako kwa kibodi, kisha nikaiweka kando kwa sababu rubani hapigi taipu, nikasema kila neno ulilokuwa ukisema. Kimya. Haikunijua. Ikabidi ifunzwe sauti yangu kama ilivyofunzwa yako, na katika mji huu wote sikuwa na mtu mwingine wa kunisomea ila Barnaba.

Kabla hajasoma mstari wa kwanza akasema, "Madam, ni mimi niliwaambia duka ni tupu."

Walimuuliza nani yuko ndani. Akasema hakuna mtu, wasiingie kunitafuta. Na kijana mmoja aliyekuwa na mtungi wa petroli akasema vizuri, kama hakuna mtu tuwashe. Barnaba akawa amenaswa. Akisema yuko mtu, wataingia. Akinyamaza, watawasha. Alikuwa amesimama hivyo wewe ulipopaza sauti. Na ulipotoka kuomba mkono, aliyekuwa karibu nawe ni yule wa mtungi. Akampa Barnaba mtungi ashike, akakushika wewe, akakufikisha hadi geti lako. Barnaba akaimwaga petroli mtaroni.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Si ulikataa kuniona."

Wewe hukuwa na visikizio. Ulisikia kila neno. Mimi, niliyekula mshahara wa kusikiliza miaka kumi na sita, ndiye pekee ambaye hakusikia. Na dawa ulijua iko wapi. Hukumtuma mtu kwa sababu kumtuma mtu ni kuufungua mlango. Labda ningesema tu, "Chupa ziko hapa," Barnaba angepata njia. Labda asingepata. Nimelipigia hesabu jambo hili kila upande na halifiki mwisho.

Tumesoma siku tatu, yeye ananong'ona, mimi narudia. Kesho mchana nitajaribu. Naogopa, Kapteni.

*

Ni Jumamosi asubuhi, niko dukani.

Jana nilikaa kwenye kiti chako. Barnaba nilimweka mlangoni nikamwonya asikohoe. Ili ndege iendelee lazima useme neno lilelile lililoisimamisha. Nilisema "pause" mara ya kwanza, sauti ikatetemeka, mashine ikakataa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nililisema kama ulivyolisema wewe, kwa nguvu, na injini ikarudi masikioni kana kwamba hatujatoka hapo.

Ziwa la babangu lilikuwa mbele. Ningeweza kwenda. Wengi wameniambia niende, na si wote waliniambia kwa ubaya. Nikaiambia igeuke, uelekeo mia moja, mashariki. Ulisema tutarudi.

Njoro ilikwenda vizuri. Nikaanza kushuka. Mzungu akasema elfu nane na mia tatu, nami kwa mazoea nikaitika kwa sauti, "Elfu nane mia tatu, Kapteni." Ndege ikayumba. Nikasema tena, "Tunashuka, Kapteni." Ikainama kushoto. Nikaita namba kwa nguvu zaidi, nikidhani umeshindwa kunisikia, nayo ikazidi kuinama, kwenye kuta za Menengai, elfu saba mia nne, mia tatu, na jasho linanitoka hadi kwenye visikizio. Barnaba alisimama, nikasikia kiti.

Ndipo nikaelewa. Mashine ilikuwa inanisikiliza mimi sasa. Kila nilichokuwa nakwambia wewe ilikichukua kuwa amri. Ili niitue, ilibidi niache kuongea nawe.

Nilifunga mdomo. Unajua ilivyonichukua? Mzungu anataja namba na mimi nazimeza, moja baada ya nyingine. Nikasema maneno ya lazima tu. Panda. Kulia, mia moja. Ikanyooka, ikaupita mji, na kiwanja cha Lanet kikawa mbele, maili tatu, mbili, moja. Punguza. Punguza. Iligonga chini, ikaruka, ikagonga tena, wewe ungenitukana. Kisha nikasikia magurudumu yakinguruma, yakipungua, yakisimama. Nikakaa. Barnaba alikuwa analia mlangoni na mimi nikamwacha alie, kisha nikamwita aje anywe chai.

Gurdeep atafika saa nne. Anadhani nimekuja kuaga kompyuta. Zile chupa ninazo hapa kwenye mfuko, sikuwahi kuzitupa. Nakuahidi, kabla hajachomoa waya hata mmoja, nitamwekea mkononi na kumwambia nilizishika lini na nilinyamaza mara ngapi. Aniite atakavyoniita. Kisha nitarudi kwenye chumba changu karibu na stesheni, kwa sababu kwetu ni hapa.

Injini nimeizima, Kapteni. Pumzika. Lori limesimama nje na mlango wake umefunguka, na nasikia Barnaba akimsalimia mwanao.

Opareta wako,
Pamela