Kiwanja Namba Kumi na Nne na Nusu

Jumanne, 9 Julai 1974
Kwaluguru. Barua ya Profesa imefika kutoka Ulaya, wiki sita njiani! Kile kichuguu cha wino kwenye 14½, katika karatasi iliyochorwa na mashine ya kupima uzito wa molekuli, anasema ni uchafu wa mashine. Nikikubali, sura nzima ya tasnifu yangu inatupwa. Nikikataa, nimtumie kipande chenyewe cha karatasi kabla wiki haijaisha.

Uchafu! Miezi minane nimeipiga nitrojeni kwa elektroni, mpaka molekuli ipoteze mbili kwa mpigo. Ikibaki na chaji mbili, mashine huiona kwa nusu ya uzito: ile nzito kidogo, ya 29, inatua 14½. Chaji zinasukumana, molekuli inapasuka kabla hujapepesa jicho. Lakini inaonekana! Nadhani. Kumbishia Profesa, mimi mwoga.

Jumatano, 10 Julai
Karatasi haipo!! Mama kampa Mwenyekiti Mwinjuma. Ati kijiji kipya hakina daftari la viwanja, na yangu ni ndefu, ina namba tayari. Mbio ofisini. Imebandikwa ukutani kwa uji wa muhogo, kila kichuguu chenye namba kamili na jina la mwenye nyumba. Mwinjuma akaniambia nimekisaidia kijiji sana. Anafurahi kweli, maskini. Mzee Semboja kapewa 14.

Ijumaa, 12 Julai
Balaa. Mzee Semboja ana wake wawili chumba kimoja tangu tuhamie hapa. Bi Zuena na Bi Chausiku — sufuria zinaruka toka asubuhi. Leo Mzee kaiona 14½, haina jina. Anaitaka kwa Chausiku! Mwinjuma kakataa: hakuna kiwanja nusu. Mkutano kesho, msomi aamue. Msomi ndiye mimi. Nicheke au nilie?

Jumamosi, 13 Julai
Kijiji kizima. Bi Chausiku mbele, mkeka kichwani, macho kwangu. Mwinjuma akauliza: mwanangu, hicho kitu kipo, au ni uchafu tu?

Neno lile lile la Profesa! Nikakumbuka: nilipofunga gesi kilitoweka, nilipofungua kikarudi. Uchafu haufanyi hivyo. Nikawaeleza: aliyebeba wawili, mashine humwona kwenye nusu. Kipo! Nilipaza sauti. Vigelegele. Mwinjuma papo hapo akaandika jina la Chausiku.

Jumapili, 14 Julai
Barua tayari. Kipo, Profesa. Mwinjuma kaniachia nikate kipande. Pengo kalijaza kwa mkaa ukutani. Kina jina la Chausiku kwa wino mwekundu — basi, kiende hivyo hivyo Ulaya. Lori la Korogwe linapiga honi na bahasha sijaifunga, maana Mzee Semboja yuko mlangoni. Kanzu safi, kajipaka manukato. Anauliza kwa upole: mwanangu, na aliyebeba watatu, mashine humwona wapi?

Nyuma yake wamesimama Bi Zuena na Bi Chausiku, bega kwa bega, kila mmoja na sufuria yake.