Jumamosi Nyumbani kwa Kavutha

Ndithini, Machakos
14 Oktoba 2001

Mwanangu mpendwa Emily,

Pokea salamu zangu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa vumbi la vitambaa pale kiwandani kimepata nafuu. Je, bado wanawafungia kazini hadi giza linapoingia? Unapata wakati wa kula? Mimi sijambo, ila magoti, nayo ni ya umri. Mvua haijanyesha. Tumepanda mbegu katika udongo mkavu na tunangoja, kama kila mwaka. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja akafa.

Mutiso anaendelea. Sasa anaketi bila kuegemezwa, na juzi alishika kikombe kwa mkono wa kulia, ingawa alimwaga nusu ya uji. Mguu bado anauburuta. Nilimwuliza daktari wa hospitali ya misheni iwapo mguu huo utarudi kuwa kama zamani. Akaitazama picha ya mifupa, akatazama dirishani, akasema tungoje hadi mwisho wa mwezi. Kola ya shingoni mtoto anaivaa kutwa bila kulalamika. Nimefundisha watoto miaka thelathini na mmoja, na mtoto wa miaka mitano asiyelalamika hunitia hofu.

Barua yako nilikabidhiwa na Festus, mwana wa Kavutha jirani yetu, Jumanne alipotoka huko kwenu Athi River. Nimeisoma mara nne. Umeandika kwamba huwezi kumruhusu Nthenya aishi chini ya paa moja na ndugu yake, na kwamba Jumamosi ijayo shangazi yake Kasiva atakuja kumchukua ampeleke Kinanie, akachunge ng'ombe na kusaidia kazi za nyumba. Mambo ya shule yataonekana baadaye. Umeandika pia kwamba msichana wa miaka kumi aliyeweza kumtupa ndugu yake chini, kisha akaketi kando akimtazama, ana kitu kibaya moyoni. Kabla Kasiva hajafika, kuna jambo linalokupasa kulijua. Niwie radhi nikilieleza polepole. Nikiliharakisha, nitaliruka.

Utakumbuka jinsi ulivyowaleta mwezi wa Januari. Tangu ulipofiwa na mume ulikuwa ukiwafungia chumbani asubuhi, ukiwaachia televisheni ikiwaka hadi utakaporudi, kwa kuwa hukuwa na mtu wa kuwaangalia. Mutiso hakuweza kumeza tonge bila kutazama kioo. Nthenya alikuwa wa mwisho darasani. Nilikukemea vikali. Nilikuambia kwamba televisheni si yaya, na kwamba nyumbani kwangu hakuna mjukuu atakayeiona hata kwa mbali hadi amalize darasa la nane. Wewe uliniuliza kwa upole kama haingekuwa afadhali kuwaruhusu nusu saa Jumamosi, mimi nikiwa nimeketi nao, ili wasiwe na uchu. Nilikujibu kwamba mimi siwafanyii watoto mnada. Mwezi wa Mei nilisimama kanisani nikayarudia hayo mbele ya wazazi wote, na mchungaji akanishukuru.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Walilia siku tatu, wakanyamaza. Nthenya akaanza kusoma vitabu vya sandukuni mwangu, na katika mtihani wa muhula wa kwanza akawa wa nne. Nilikuandikia habari hizo kwa majivuno, nakumbuka.

Lakini kuanzia mwezi wa Juni nyumba ilibadilika. Niliwakuta watoto wakinong'onezana na kuachana ghafla. Nthenya aliwapa mbuzi majina ya ajabu, na beberu akampa jina la Jitu. Alipopita kwenye ua aliinua mikono yote miwili juu, kana kwamba kulikuwa na watu elfu wakimpigia makofi. Siku moja mwalimu wake alinijia kuniarifu kwamba Nthenya alimbana mvulana wa darasa la sita kichwa kwapani mpaka akaomba msamaha. Nilimjibu mwalimu kwamba tabia hiyo aliitoa mjini. Mwalimu akasema, mbona miezi mitano yote haikuonekana? Nilimwambia kwamba maziwa yalikuwa jikoni yakichemka, nikamwacha uani.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe nane Septemba. Ulipofika hospitalini nilikueleza kwamba Nthenya alikuwa na mazoea ya kutoroka na kuchungulia televisheni madirishani mwa watu, kwamba huko ndiko alikojifunza mieleka, na kwamba alimpandisha Mutiso kwenye msingi wa tangi la maji, akambeba juu na kumbwaga chini. Tuliporudi nyumbani ulimwita Nthenya, ukamwuliza kama ni kweli alikuwa akitoroka. Alinitazama mimi. Aliendelea kunitazama, nami nikakata fimbo, nikamchapa mbele yako. Nawe ukaniambia, "Asante, Mama."

Tangu siku ile hajalia wala hajacheka. Kazi anafanya zote, hata zile ambazo sijamtuma. Mutiso anapolala mchana, yeye huja akasimama mlangoni, kisha huingia kwa ncha za vidole na kuweka kiganja mbele ya pua ya ndugu yake, akasubiri, akatoka. Dakika chache baadaye hurudi tena. Nimehesabu mara tisa katika alasiri moja. Mutiso humwita wacheze, naye hurudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Nami anaponipa chakula hunipa kwa mikono miwili, kwa adabu kamili, bila kuniangalia. Emily, katika nyumba hii siku hizi nasikia kijiko kikigusa sahani.

Sasa nitasema.

Nthenya hakutoroka hata siku moja. Mimi ndiye niliyempeleka.

Unajua kwamba kila Jumamosi saa tisa mimi huenda kwenye chama chetu cha kusuka vyondo nyumbani kwa Kavutha. Usilolijua ni kwamba mwaka jana Festus alimletea mama yake televisheni ndogo inayotumia betri ya gari. Kavutha huipeleka betri sokoni kutiwa moto siku ya Ijumaa, na Jumamosi huonyeshwa mieleka. Sisi wazee watano hufunga mlango, huteremsha pazia, tukasuka na kutazama. Mwanzoni nilikaa nikikipa kioo mgongo. Mwezi haukuisha nikageuza kiti. Mbinya, ambaye hukaa mbele kanisani, humwita mmoja wa wapiganaji wale mkwe wake, na akipigwa humwambia arudi nyumbani akavae nguo kama watu. Kavutha humzomea kwamba mkwe mwenyewe ni mwoga, hata mahari hawezi kubeba. Nami, mwanangu, nilipiga kelele kuliko wote. Tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna atakayesema nje. Yale niliyoyasema kanisani mwezi wa Mei niliyasema siku ya Jumapili, na jana yake nilikuwa kwa Kavutha.

Mwezi wa Juni nilisikia kitu dirishani, nikafunua pazia. Alikuwa Nthenya, amesimama juu ya jiwe. Nilipaswa ama kumrudisha nyumbani na kuacha yale mambo mimi mwenyewe, ama kumkaribisha na kukuandikia ukweli. Sikufanya lolote kati ya hayo. Kavutha alinicheka, akasema, "Mwalimu, mwite aingie, mtoto aliyekaa ndani hasemi." Nikamwita. Kuanzia siku hiyo aliketi miguuni pangu, akinipa nyuzi za katani na kutazama, huku Mutiso akiachwa nje kucheza na watoto wa majirani. Tulipokuwa tukirudi nilimwambia kwamba siri ya wakubwa ni deni, na akiivunja nitamrudisha kwako akafungiwe chumbani. Ndiyo sababu siku ile uliyomwuliza alinitazama. Alikuwa akingoja ruhusa yangu, na mimi nikamjibu kwa fimbo.

Lipo jambo baya zaidi. Mwezi wa Agosti mtu mmoja aliinuliwa akabwagwa kwa shingo, akalala kimya. Nthenya akanivuta gauni, akaniuliza, "Susu, yule ataamka?" Sikumtazama hata machoni. Nilimwambia kwamba wale huamka siku zote, hawaumii, na asinisumbue. Ningaliweza kumweleza kwamba wale ni watu wazima waliofundishwa kuanguka, na kwamba shingo ya mtoto ni kitu kingine. Maneno hayo yangalichukua muda mfupi kuliko kuunga uzi. Lakini nilitaka kuona mwisho.

Tarehe nane Mutiso alikuwa na kikohozi. Nilimwachia Nthenya amwangalie, kwa kuwa lilikuwa pambano tulilokuwa tumelingoja wiki tatu, nami sikutaka kulikosa. Mutiso akamwomba dada yake amwonyeshe yale ambayo yeye hakuwahi kuyaona. Akamwonyesha. Mtoto alipoanguka, Nthenya aliupiga udongo kwa kiganja mara tatu kama afanyavyo mwamuzi, akakaa kumngojea ainuke. Hakukimbia kuita mtu, kwa kuwa nyanya yake, ambaye ni mwalimu, alimwambia kwamba huamka. Niliporudi saa kumi na moja nilimkuta amechuchumaa kando yake, akimfukuzia nzi kwa tawi. Akaniambia, "Bado hajaamka, Susu." Alikuwa amengoja saa nzima.

Huko ndiko kuketi kando akimtazama ulikokuandika. Na daktari aliponiuliza mtoto alianguka lini, nilimwambia, sasa hivi. Ijumaa nilirudi hospitalini peke yangu nikamwambia ukweli. Aliandika kitu kwenye faili, akaniuliza ni kwa nini nilimficha.

Jana nilikwenda kwa Kavutha bila kiondo. Niliwaarifu wenzangu kwamba ninakuandikia. Mbinya alilia. Kavutha alinifuata hadi langoni, akanishika mkono, akaniambia, "Mwalimu, fikiria. Mtoto atasahau, lakini wewe watu wa hapa hawatakusahau." Nadhani ni kweli kuhusu mimi. Kuhusu mtoto si kweli.

Nakuomba kwanza umzuie Kasiva. Akija Jumamosi bila neno lako sitamkabidhi Nthenya, hata mkigombana nami ukoo mzima. Pili, njoo wewe mwenyewe, hata kwa siku moja, na umwulize Nthenya tena lile swali, mimi nikiwepo. Baada ya hapo ukitaka kuwachukua wote wawili, wachukue, sina neno. Hata hivyo usiwafungie tena na kioo kile, wala usiwakataze kama nilivyowakataza. Uliponiomba nusu saa, mtu mzima akiwa ameketi nao, ulikuwa na haki nami sikuwa nayo. Mtu huyo mzima awe anawatazama watoto, na wakimwuliza swali, alijibu.

Nimemwita Nthenya, nikamsomea barua hii yote kabla ya kuifunga. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomwomba radhi aliniuliza, "Na wewe, Susu, utachapwa na nani?" Nimelifikiria swali hilo tangu asubuhi.

Majirani wanakusalimu. Mutiso anakusalimu sana, anauliza kama utamletea viatu, na ningependa umletee, vyote viwili. Nilimwuliza Nthenya ana salamu gani. Aliomba karatasi na kalamu, akaenda kuandika nje, peke yake, kwa muda mrefu. Aliirudisha ikiwa imekunjwa mara nne na kushonwa ukingoni kwa uzi wa katani, nami nimeitia katika bahasha hii. Barua zote zilizotoka kwa watoto hawa nilizisahihisha kwa wino mwekundu kabla hazijakufikia. Hii sikuifungua. Yaliyomo yasome hivyo hivyo yalivyo, na unihukumu kwayo.

Mimi mama yako,
Ndinda Mutunga