Kitufe Kilichojificha kwa Sista Chebet

Alhamisi, Novemba 2007

Bado siamini nilichokiona. Wiki mbili sasa Sista Chebet, muuguzi wa zahanati kule Lanet, amekuwa akilalamika kwamba programu niliyowaandikia haina mahali pa kuhifadhi rekodi za watoto. Kwa kompyuta yangu hapa mtaani Section 58 kitufe kiko sawa kabisa. Leo nimeenda kujionea. Ameweka maandishi makubwa mno, na kitufe kimesukumwa chini, nje ya skrini.

“Macho yangu yameanza kuisha,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Tafadhali usimwambie daktari wa hapa, asije akanitoa kazini.”

Nikakaa hapo hapo. Nikafuta vipimo vyote vya ukubwa nilivyokuwa nimevikaza ndani ya programu, nikakiagiza kila kisanduku kichukue sehemu yake ya skrini, iwe kubwa au ndogo.

Akaongeza maandishi. Akaongeza tena. Visanduku vikasogea, vikajipanga vyenyewe, na kitufe kikabaki wazi pale chini. Niliandika kila mstari wa programu hiyo mwenyewe, lakini nilishika mdomo kwa mshangao.

Hiyo siri ya macho, sijui kama nafanya vizuri kuinyamazia.

Sista alisoma jina la mtoto bila kuinama, akalihifadhi, akageukia mlango. “Anayefuata aingie.”