Nota Niliyomfutia Mwalimu

Lushoto,
Jumatatu mchana.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Kwanza niambie mgongo. Uliniandikia kuwa ukishusha kikapu cha chai inabidi ukae kidogo ndipo usimame, na tangu hapo kila nikiinama kumbeba Neema nakukumbuka. Na baba, kikohozi kimemwachia, au bado ukungu wa Kwamkoro unamsumbua? Sisi huku ni wazima. Neema ameota meno mawili ya chini na akinyonya ananiuma bila huruma. Mimi nimechoka, lakini mzigo nimeutua.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haishiki huko bondeni, na jambo lenyewe ni refu.

Unakumbuka nilipokelewa hapa kwa majaribio ya miezi mitatu, nifundishe kwaya ya usharika na kukaa kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa. Ukasema wazi kuwa wazee wa kanisa wakinikataa, nikuletee Neema umlee mpaka baba yake amalize kazi ya barabara huko Handeni. Nikakujibu "tutaona mama". Ukweli ni kwamba tangu siku ile sikuwa na raha.

Aliyefundisha kwaya kabla yangu ni Mwalimu Elieza, mzee mstaafu, anatembea na fimbo na jicho lake moja lina ukungu. Ndiye aliyeniombea nafasi hii. Alitunga wimbo wa sikukuu ya mavuno, akauandika kwa penseli, kwa solfa, zile do re mi, kama tunavyoandika sote, akanipa niunakili vizuri sauti zote nne ili tutoe kopi. Na Jumapili hiyo ya mavuno ndiyo wazee wangeamua habari yangu.

Nikakaa mchana Neema akiwa amelala. Ubeti wa kwanza ulikwenda sawa. Wa katikati nikakuta sauti zinapanda hivi: do, re, ma, fa, fe, se, la, ti; ma ni mi iliyoshushwa nusu, fe na se ni fa na so zilizopandishwa nusu. Nikahesabu kwa kidole. Nane, kabla ya kufika do ya juu. Mama, tangu shule ya Jumapili tumefundishwa kuwa ngazi ya muziki ina nota saba. Halafu fa na fe zimebanana kama watu wawili kwenye kigoda kimoja, na so haipo kabisa. Nikasema maskini mwalimu, jicho limemdanganya.

Ningeweza kumuuliza, anakaa karibu na soko tu. Lakini kumuuliza mtu mzima kama amekosea niliona ni kama kumwambia amezeeka. Basi nikamsitiri. Nikaifuta fe, se nikaigeuza so, nikarekebisha sauti zote nne mpaka zikakaa. Hata nikajisifu.

Alhamisi alasiri tukauimba, ukawa mtamu. Mama Tabu wa sauti ya pili akasema, "Huu tunaushika leo leo." Kumbe mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Tukamwamkia wote, akaitikia, kisha akauliza taratibu, "Fe yangu iko wapi?"

Nikasimama, mtoto mgongoni. "Nimeifuta mimi, mwalimu. Nota zilikuwa nane, nikadhani umekosea."

"Uliona kosa ukanyamaza?"

"Niliona aibu kukuuliza."

"Aibu yako au yangu?"

Mzee Kihiyo wa besi akataka kuniokoa. "Mwalimu, wiki ina siku saba. Hiyo ya nane tutalima lini?"

"Wewe hata hizo saba hulimi," mwalimu akamwambia, na watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Akaketi kwenye kinanda. "Sikilizeni. Hatua nzima, nusu hatua, nzima, nusu, hivyo hivyo mpaka juu. Ngazi mliyoizoea haina mpangilio huo, ndiyo maana sikio linajua do iko wapi. Hii inakanyaga sawasawa kila mahali." Akaanzia do, akaanzia ma, akaanzia fe, akaanzia la. Mama, ilikuwa ngazi ile ile, inahamia juu tu. Akasema ngazi za namna hiyo ziko tatu tu kwenye kinanda kizima. Ukiitafuta ya nne unakuta umerudi kwenye ya kwanza.

Akanigeukia. "Maneno ya ubeti huu yanasemaje?"

Nikamwambia yanasema mtu ametoka shambani na mavuno yake kichwani, ukungu umeshuka, haioni njia.

"Basi mwache asiione. So nimeificha makusudi. Ikitokea kwenye ubeti wa mwisho, ndipo anaona paa la kwake. Wewe umemwashia taa kabla hajapotea."

Hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea. Nilimwona Neema kama ameshapakiwa kwenye basi la Muheza, kuja huko kwako.

Ijumaa nikanakili upya yote. Jioni kwaya ikazama. Wa sauti ya kwanza wakifika fe wanateleza wenyewe kwenda so, kama ng'ombe anayejua zizi. Mama Tabu akasema, "Mwalimu wetu mdogo, huu una mawe. Tuimbe ule wa kwako."

"Ule wa kwangu ni kosa langu," nikamwambia. "Hatuendi kuliimba mbele ya Mungu."

Jumamosi asubuhi nilikuwa namwogesha Neema kwenye beseni, analia, namwimbia nota mbili tu, do re, do re. Hakunyamaza. Nikapandisha, ma fa, ma fa. Nikapandisha tena, fe se. Kisha la ti. Hapo nikasikia. Ni kipande kile kile cha kwanza, kinarudiwa mara nne, kila mara juu zaidi. Nikamfunga khanga na povu lake masikioni, nikaenda kuwaita wenzangu.

Sikuwataka tena wapande ngazi nzima. Niliwafundisha hatua moja, do re, mpaka wakachoka nayo. Halafu hiyo hiyo juu yake, na juu yake tena. Mzee Kihiyo akasema, "Kumbe ni kitu kimoja. Mwalimu alitutisha bure."

Jumapili tukaimba. Wa sauti ya tatu waliyumba kidogo, sitakuficha. Lakini ule ubeti wa ukungu watu waliacha hata kukohoa, na so ilipotokea mwishoni, mama mmoja wa mbele aliyepakata kabichi zake za sadaka akazikumbatia kama mtoto.

Baada ya ibada wazee wakaniita. Mmoja akasema, "Tumesikia uliharibu wimbo wa mwalimu."

"Ndiyo, baba. Kisha nikautengeneza."

Mwalimu Elieza alikuwa amekaa pembeni. Akasema, "Aliyeondoa nota ile kwenye sauti zote nne na wimbo usianguke, huyo si mjinga. Ni mwoga, na woga unatoka."

Wakanipa kazi, na chumba ni chetu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za kanisa nikamnyonyesha mwanangu, na aliponiuma sikusikia.

Kwa hiyo mama, Neema haji. Najua ulishaanza kumngoja, na pengine umeshawaambia majirani. Juzi ningekuandikia "tutaona" tena, kwa heshima, nikuache uendelee kungoja. Leo nakuambia wazi: mtoto anabaki na mimi. Ukiona nakosea, niandikie useme, nami nitakusikiliza. Lakini atabaki.

Mwambie baba shikamoo, apakwe dawa kifuani asubuhi kabla hajatoka. Nisalimie dada Rehema na cherehani yake, na mjomba anayelinda msitu Sigi, na bibi. Yeye umsomee mwenyewe, polepole, sehemu ya kabichi ataipenda.

Wako niliyekuzoesha kusema "tutaona",
Naomi, mama Neema.