Mti Namba 4417

Ofisi ya Miti,
Ghorofa ya Tatu, Chumba Namba 12.
9 Machi.

Mpendwa Kaka Redio,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Shemeji hajambo? Mapacha wameacha kung'atana? Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto limeanza kutabiri mvua. Nimekuandikia kwa karatasi makusudi. Ningetuma ujumbe wa simu ungenijibu kwa kale kapicha ka kidole gumba, na jambo hili halimalizwi na kidole.

Kazi mpya si haba. Kila mti wa jiji umepimwa unene, ukapigiliwa kibati chenye namba na kuingizwa kwenye kompyuta. Iko elfu arobaini na moja, pamoja na nguzo mbili za umeme ambazo mwenzangu wa meza ya pili aliziandikisha kuwa miti iliyokauka. Kwenye ramani, mti mzima ni doa la kijani, wa kukatwa ni jekundu. Mwananchi akiona tawi limevunjika, anafungua ukurasa wa mti huo kwenye simu na kuandika shida yake. Mimi ndiye ninayejibu. Programu inanipa siku tatu. Nikichelewa, inanizomea kwa mlio mbele za watu.

Sasa kaa kitako. Mwezi wa kumi na moja ulikuja ujumbe kuhusu mti namba 4417: "Tawi lenu linagonga dirisha langu. Msilikate. Siku hizi ndilo pekee linalonipigia hodi." Nikacheka mpaka wenzangu wakageuka. Kisha nikatazama anwani. Ni dirisha la jikoni kwa mama yako, na mti ni uleule uliokuvunja mkono ukiwa darasa la tatu.

Nilijibu kikazi kwamba mti una afya njema. Kumbe nimechokoza nyuki. Kesho yake: "Nashukuru kusikia. Mimi mgongo unanisumbua. Wewe mizizi vipi?" Tangu hapo ikawa kila baada ya siku moja, mara jirani wa juu anayeburuta makabati alfajiri, mara chumvi aliyoizidisha. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kujibu kama mti. Nilimwambia mizizi inanyooka vizuri, ila ndege wa mwaka huu hawana adabu.

Nikajiona mjanja. Mwezi uliopita akamalizia hivi: "Jumapili njoo ule, na uchukue sweta yako uliyoiacha kwenye kiti." Kaka, mti hauna sweta. Nilikwenda, nikala, na habari za mti hakuna aliyezigusa.

Tatizo ni kwamba programu haijui salamu. Kila ujumbe inauhesabu kuwa lalamiko. Wiki iliyopita bosi wetu, tunayemwita Mzee Takwimu, alifungua ramani akakuta 4417 ni nyekundu: malalamiko sitini na matatu, mti msumbufu kuliko yote jijini. Watu wa misumeno wamepangiwa tarehe ishirini Aprili. Nikamweleza kwamba zile ni salamu tu. Akavua miwani. "Mti usio na tatizo hauandikiwi mara sitini na tatu," akasema. Nilichoambulia ni hiki: zikipita siku thelathini mfululizo bila ujumbe hata mmoja, doa linarudi kijani lenyewe.

Nikakimbia kwa Mama Mkubwa, mama yako. "Yaani ninauua mwenyewe kwa kuujulia hali?" Akaapa kuacha. Akajikaza siku mbili. Siku ya tatu: "Samahani, nilitaka kujua tu kama umeamka salama." Hesabu ikaanza upya.

Nikamuuliza kwa nini asikuandikie wewe. Akasema, "Yule nilimwandikia habari ndefu ya mgongo wangu, akanirudishia kidole. Nimezaa mtoto mzima, mwanangu, narudishiwa kidole! Mti unanijibu."

Hapo kicheko kikaniisha. Nimekukasirikia, kaka, nakwambia wazi, na sijapoa. Tulikuita Redio kwa sababu hukunyamaza hata ukitafuna. Ni nani aliyekuzima?

Mwandikie. Barua hii ikikufikia baada ya wiki, zile siku thelathini bado zitatosha kwa kubana kabla ya misumeno. Usitafute maneno ya hekima, hujawahi kuwa nayo. Muulize mgongo, mlalamikie bosi wako, mweleze mapacha wamevunja nini. Akikujibu, nawe mjibu ndani ya siku tatu. Hiyo ndiyo kasi aliyoizoea, na aliyemzoesha ni mimi.

Mama Mdogo wako anakusalimu, na fundi cherehani wa pale chini anauliza kama ile suruali bado inakutosha. Nisalimie shemeji, uwakumbatie mapacha mmoja mmoja wasije wakakung'ata. Mungu akulinde na akutie wino kalamuni.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na hasira zangu zote.

Tena: Nikiwa nakunja barua, umeingia ujumbe mwingine. "Mti, wewe ni mrefu. Hebu chungulia, mwanangu unamwona huko aliko?" Nina siku tatu za kujibu. Nimwambie nini?